Kamera Ilipima Ukuta

Jumatatu, 3

Mwalimu kasema kila mwanafunzi awe na daftari. Ukipiga picha unaandika vitu vitatu: tundu la lenzi umelifungua kiasi gani, shata, yaani kifuniko cha ndani, umeipa kasi gani, na aiso, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, ni ngapi. Chini yake unaandika picha imeharibika wapi. Hakusema "kama imeharibika". Kasema imeharibika wapi.

Nimenunua la kurasa tisini na sita. Mimi tangu niache shule darasa la tano kalamu naishika kusaini tu kwenye saiti ya ujenzi. Leo nimeandika vile vitu vitatu nikaona mkono haujachoka, nikaendelea. Mbele za watu nakuwa bubu. Humu hakuna watu.

Tuko tisa, kamera ni nne. Asubuhi nachanganya zege, saa nane nanawa, saa tisa niko studio kwa Mwalimu na saruji kwenye kucha. Msichana mmoja mwenye miwani minene kaangalia kucha zangu, halafu kamera, halafu kucha tena. Nimemwelewa vizuri tu.

Jumatano, 5

Mvua imeanza. Picha kumi na mbili, zote giza.

Jumamosi, 8

Niandike kwa nini najifunza, maana mjomba kaniuliza tena leo mbele ya wageni, eti mbeba zege na kamera wapi na wapi. Mimi kama kawaida nikacheka.

Sebuleni kwetu, juu ya televisheni, kuna picha ya harusi ya mjomba. Watu kumi na wanne wamejipanga kwenye ngazi. Gauni la bi harusi linawaka. Mjomba katoka na suti, na tai, na meno. Na kulia kwa bi harusi, pale alipo bibi yangu, yaani mama mzazi wa huyo huyo mjomba, kuna gauni la njano, kitambaa cha kichwani, na katikati yake shimo. Lile gauni bibi alilishona wiki nzima kwa mkono wake, vifungo vyote vimetoka, unaweza kuvihesabu. Uso ndio haupo.

Bibi ni mweusi hasa, na mimi nimemfuata. Mimi niko mstari wa nyuma: macho mawili na kola.

Wageni wakija, mjomba anawatembeza kwa kidole. Huyu shemeji, huyu rafiki yangu wa kazini, na pale mama, mtafuteni wenyewe. Watu wanacheka, na bibi naye anacheka. Macho yake yana ukungu mwaka wa tatu huu, picha haioni, anacheka kwa sababu watu wamecheka.

Nataka kujua yule mpiga picha alifanya nini siku ile. Basi. Sababu ni hiyo, na mjomba sitamwambia.

Jumatatu, 10

Leo nimeelewa kitu nikiwa nimekaa kwenye dawati, haijawahi kutokea.

Mwalimu kasema ndani ya kamera kuna kipima mwanga, na hicho kipimo ni kijinga. Hakijui uso, hakijui ukuta. Kila unachokielekezea kinataka kitoke kijivu. Ukielekeza kwenye shuka jeupe kinasema mwanga umezidi, kinapunguza. Ukielekeza kwenye sufuria lenye masizi kinasema giza, kinaongeza. Kwa hiyo kazi ya mpiga picha ni kuamua anampima nani.

Kwa hiyo yule bwana wa harusini alipima gauni la bi harusi. Watu kumi na wanne, yeye akapima nguo.

Halafu vile vitu vitatu, tundu, shata na aiso, kumbe ni zege tupu. Ukizidisha maji lazima ujue saruji unaifanyaje, la sivyo nguzo inapasuka. Ukifungua tundu, kaza shata. Nilitaka kunyoosha mkono niwaambie wenzangu hilo la zege. Mkono ulifika begani ukarudi.

Alhamisi, 13

Nimerudi kutoka ofisi ya vitambulisho na mpaka sasa masikio yanawaka.

Mambo yako hivi. Madaktari wa macho wanakuja hospitali mara moja kwa mwaka, mvua zikikatika. Bibi akipasuliwa atarudi kuona, nesi kasema hivyo kwa kinywa chake. Ila kuingia kwenye orodha lazima uwe na kitambulisho kipya, cha zamani hakikubaliki, na orodha inafungwa Ijumaa tarehe 18 mwezi ujao. Ukikosa, mpaka mwakani. Bibi sasa hivi anahesabu hatua kwenda chooni. Jumanne kajimwagia chai ya moto kwenye paja kwa sababu kikombe hakikuwa pale alipokiacha. Mwakani ni mbali.

Tumepanga foleni saa tatu na nusu, kwenye unyevunyevu, bibi kanishika mkanda wa suruali kwa nyuma kama mkokoteni. Kufika dirishani, kuna kamera ndogo imefungwa kwenye fimbo, nyuma ya kiti ukuta umepakwa chokaa, na taa ndefu imewekwa juu ya huo ukuta, inauangaza ukuta. Nikaona kabla ya karani kubonyeza. Kamera itapima ukuta. Nilijua. Maneno yalikuwa mdomoni.

Karani, mama mmoja mwenye sauti ya kuchoka, kapiga mara ya kwanza, kaangalia, kapiga tena. Kamwambia bibi afungue macho.

"Nimeyafungua, mwanangu," bibi akasema. "Kama hayaoni, hilo ndilo lililonileta."

Karani akamgeuzia mwenzake kioo cha kompyuta. Wakacheka, wao wanadhani siyo kwa ubaya. Kasema mashine haimuoni. Kauliza kama bibi hana kitu cha kujipaka usoni, kwamba poda kidogo ingesaidia. Halafu kaandika kwenye karatasi: picha ije kutoka nje, nyuma iwe nyeupe, uso uonekane, anayefuata.

Bibi ana miaka sabini na sita. Kazaa sita, kazika wawili, kajenga nyumba hii tunayolala. Anaambiwa ajipake poda ili mashine imuone. Na mimi nilikuwa nimesimama pale na darasa zima la kipima mwanga kichwani, nimekunja mikono.

Jumatatu, 17

Somo la kupanga picha. Usimkate mtu kwenye viungo, kata katikati ya mfupa. Mwachie nafasi upande anaotazama. Juu ya kichwa usiache uwanja wa mpira.

Mwenye miwani, tumempa jina Miwani na yeye anaitika, kapitia picha zangu zote kwenye kamera bila kuombwa. Kasema, "Wewe unapiga picha kama mtu anayejificha nyuma ya pazia." Watu wakacheka.

Nimeziangalia tena nyumbani. Migongo. Migongo kumi na tisa. Nimezidi kumchukia.

Alhamisi, 20

Tundu 8, shata 250, aiso 100. Imeharibika wapi: kila mahali.

Leo zamu yangu ya kwenda na kamera nyumbani. Jua lilitoka kidogo mchana nikasema ndiyo nafasi. Nikafunga shuka jeupe kwenye kamba uani, bibi nikamkalisha mbele yake, mgongo unagusa shuka. Jua likapiga lile shuka mpaka nikafumba jicho. Majirani wanachungulia, mjomba yuko mlangoni anauliza kama na yeye aje na suti. Nikasahau kila kitu. Nikaelekeza, nikabonyeza, nikabonyeza, nikamaliza.

Bibi akaniuliza, "Nimetokaje, mume wangu?" Ananiita hivyo tangu nikiwa mtoto.

Nikatazama kioo cha kamera. Shuka limetoka na mikunjo yake yote, zuri kabisa. Bibi ni shimo.

Nikamwambia, "Umetoka vizuri."

Naandika hapa ili nisije kusahau. Niliona shimo nikasema vizuri. Kuanzia leo mimi na yule bwana wa harusini ni kitu kimoja, tena yeye labda hakujua.

Jumatatu, 24

Nimeirudisha kamera. Mwalimu kaziona zile picha kabla sijazifuta. Hakunicheka sana. Kauliza ni nani, nikamwambia kwa ufupi, kitambulisho, macho, tarehe 18. Mlete Ijumaa, kasema, nitampiga mwenyewe, bure. Kanishika bega.

Nimetembea mpaka nyumbani kwenye mvua bila kukimbia.

Jumanne, 25

Saiti imejaa maji. Hakuna kazi.

Ijumaa, 28

Nimevunja penseli moja leo. Naandika na kipande.

Bibi kavaa lile gauni la njano. Mwalimu kamkaribisha vizuri, mama karibu, mama kaa, kamfutia kiti. Kaweka taa kubwa upande wa kushoto, ubao mweupe kulia, kapima kwa kifaa chake pale pale shavuni. Nilisimama nyuma yake nikaona kwenye kamera: bibi. Bibi mzima, na kovu juu ya nyusi alilopata alipoangukiwa na ndoo kisimani akiwa msichana, na mistari ya mdomoni, na ule weusi wake unaong'aa kama kitu kilichopakwa mafuta asubuhi. Sijawahi kumuona hivyo kwenye picha. Nilitaka kumkumbatia Mwalimu.

Halafu akakaa kwenye kompyuta. Akashika mausi, akavuta kitu kutoka kushoto kwenda kulia, na bibi akaanza kuondoka. Nimeona kwa macho yangu. Kwanza ule mng'ao, halafu weusi, akawa rangi ya bahasha ya kaki. Akabonyeza mara tatu, kovu likapotea. Akapitisha kitu kama brashi, mistari ikapotea. Anapiga mluzi huku. Kasema wateja wote wanataka hivi, ukimpa mtu picha yake bila kumsafisha anadhani umemtukana.

"Kumsafisha." Hilo ndilo neno alilotumia.

Nikasema asante, Mwalimu. Bibi naye akasema asante, akamwombea baraka nyingi, amemshika mikono yote miwili.

Mluzi wenyewe hata haukuwa wimbo.

Jumatatu, 31

Karani kashika picha, kamwangalia bibi, kaangalia picha. Kauliza kama huyu ni mdogo wake. Bibi akacheka, kadhani anasifiwa, akasema asante mwanangu. Karani hakucheka. Kasema kwa sauti, foleni nzima inasikia, kwamba kuleta picha ya mtu mwingine ni kosa, kuna watu wamelala ndani kwa hilo.

Mara ya kwanza alikuwa mweusi mno kuwa mtu. Leo ni mweupe mno kuwa yeye.

Njiani bibi akauliza kimetokea nini. Nikasema picha ilikuwa na ukubwa mbaya.

Mara ya pili hiyo namdanganya.

Jumanne, 1

Sikwenda darasani.

Alhamisi, 3

Sikwenda tena. Miwani kaja saiti. Nilikuwa na beleshi mkononi, nimejaa vumbi kama mzimu, na vibarua wenzangu wote wakaanza kukohoa. Fundi mwashi akaniambia niende nikaongee na shemeji yao.

Kauliza kwa nini siji. Sijui ni nini kilinipata, nikamwambia yote, na poda, na mdogo wake. Alisikiliza bila kunikatiza. Halafu kaniuliza kama nimewahi kumtazama Mwalimu aliye dirishani.

Pale mbele ya studio, dirishani, kuna picha kubwa ya Mwalimu mwenyewe, ametabasamu, ameshika kamera. Napita hapo kila siku. Kumbe sijawahi kumlinganisha. Mwalimu wa dirishani ni kaki. Mwalimu wa ndani ni mweusi karibu kama mimi.

Miwani kasema yeye kila picha anaambiwa avue miwani, inaakisi taa, na akivua anakuwa hamuoni anayempiga, kwa hiyo picha zake zote anatazama pembeni kama kuku. Nikacheka. Na yeye akacheka. Nilimkosea huyu dada kwenye daftari hili tarehe 3 na tarehe 17 za mwezi uliopita. Sifuti, ila nimekosea. Zile kucha aliziangalia kwa sababu baba yake naye ni mtu wa zege, alifariki.

Tulikwenda wote studio. Nikamwomba Mwalimu ile picha ya kwanza, ya kabla ya kusafisha. Nilisema mwenyewe, kwa mdomo wangu, sentensi nzima. Kasema hatunzi za kwanza, huwa anasevu iliyosafishwa juu yake. Nikamwambia picha imekataliwa, wamesema siyo yeye. Hilo lilimgusa kidogo, nikaona. Lakini wanafunzi walikuwa wanasikiliza, akaniuliza kama nimekuja kujifunza au kumfundisha. Kamera hazitoki tena mpaka mvua ziishe, moja imeingia maji. Ila kwa walio na zamu tayari.

Zamu iliyobaki ilikuwa ya Miwani. Jumamosi mpaka Alhamisi.

Jumamosi, 5

Mazoezi. Miwani kaleta kamera kwenye mfuko wa plastiki, chini ya koti.

Bibi hawezi kukaa saa nzima, kwa hiyo nimejitumia mimi mwenyewe. Rangi ni ile ile. Nikasogeza kamera mpaka mkono wangu ukajaa kioo chote, ukuta haumo, shuka halimo, nikasoma kipimo, nikapiga. Nikatoka kijivu. Mkono wa maiti. Maana kipimo ni kijinga upande huu pia: kimeona weusi kikadhani ni giza, kikaongeza mwanga mpaka nikawa kama bahasha.

Hapo nikakaa chini. Kumbe Mwalimu kwenye kompyuta anafanya kile kile inachofanya mashine.

Nikasoma tena kutoka mkononi, halafu nikapunguza mwanga hatua moja. Nikawa mimi.

Ukutani kwangu nimeandika kwa chaki: PIMA BIBI. PUNGUZA MOJA.

Jumatatu, 7

Mvua kutwa. Shuka halikauki. Siku kumi na moja.

Jumanne, 8

Mvua. Nimempima mbuzi wa jirani, mweusi. Amekaa vizuri kuliko binadamu.

Jumatano, 9

Tundu 5.6, shata 125, aiso 200.

Saa nne mvua ilikatika ila mawingu yakabaki, mazito, mbingu yote imekuwa taa moja kubwa isiyo na ukali. Saiti nilituma salamu kwamba naumwa. Fundi alijibu niwasalimie hao wanaoniuguza.

Kamba nikaifunga hatua tatu nyuma ya bibi, siyo mgongoni. Shuka la pili Miwani akamtandikia mapajani, jeupe, ili mwanga urudi juu uingie kwenye macho. Nikasogea mpaka shavu la bibi likajaa kioo, nikasoma, nikapunguza hatua moja, nikarudi nyuma bila kugusa kitu tena. Kichwa katikati, nafasi kidogo juu, mabega yamo. Mara hii sikujificha. Nilikuwa karibu kiasi cha kusikia anavyopumua.

Nimepiga sita. Ya nne ndiyo yenyewe.

Akauliza, kama nilivyojua atauliza. "Nimetokaje?"

Nilikuwa nimejiandaa tangu Jumatatu. Nikamwambia ametoka mzee. Kovu la ndoo linaonekana. Jicho la kulia lina ukungu na unaonekana. Ni mweusi, na gauni ni la njano, na vyote vinaonekana kwa pamoja. Na amekunja uso kidogo, kama mtu mwenye hasira.

Akapapasa lile shuka la mapajani.

"Ile ya harusi niliiona," akasema. "Macho yalikuwa bado mazima. Mjomba wako aliniletea mwenyewe, akaniambia, mama umependeza. Nikatafuta, nikaona gauni langu. Nikamwambia asante."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Niseme nini, na ni harusi yake? Halafu wakaanza kucheka. Ukiwa huoni, watu wanadhani husikii pia."

Miaka yote hii. Kila mgeni, kila kidole, na yeye anacheka pamoja nao, na anajua. Miwani aligeuka akajifanya anaanua shuka. Mimi nilishika kamera tu.

Alhamisi, 10

Printa iko kwa Mwalimu, hakuna njia nyingine.

Nikamwekea picha kwenye kompyuta. Aliitazama kwa muda. Akauliza nimetumia taa gani. Nikamwambia mawingu na shuka. Akasogea karibu, akatafuta kosa, nilimuona anatafuta, kwenye macho, kwenye pembe. Halafu mkono ukaenda kwenye mausi, wenyewe, kama mtu anayejikuna.

"Usiguse, Mwalimu," nikasema.

Yule anayefagia alisimamisha ufagio. Nilisikia sauti yangu nikadhani ni ya mtu mwingine.

Nilidhani atanifukuza. Aliondoa mkono kwenye mausi akauweka gotini. Kasema polepole kwamba karatasi siyo kioo. Kioo kina taa nyuma, karatasi haina, wino unakunywa mwanga. Nikitoa hivi hivi shavu la kivulini litazama gizani. Nikadhani ananizungusha, nikamwambia tutoe tuone. Tukatoa. Na kweli, upande mmoja bibi alikuwa ameanza kurudi shimoni.

Akanionyesha. Mwanga robo ya hatua zaidi, kwenye kivuli peke yake, weusi wenyewe hakuugusa. Tukatoa tena, tukaziweka mbili mezani, macho yangu yakiwa shahidi. Ya pili ndiyo bibi.

Kazi anaijua yule. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Angekuwa hajui ningemsamehe haraka.

Wakati nafunga bahasha kasema, bila kuniangalia, kwamba ile ya dirishani bosi wake wa zamani ndiye aliyemtengenezea, siku alipofungua studio, kama zawadi. Mama yake alipoiona aliuliza ni nani.

Jumatatu, 14

Karani kashika picha. Kamwangalia bibi. Kaangalia picha. "Sawa," kasema, akagonga muhuri.

Sawa! Neno moja. Mwezi mzima, safari tatu, bibi ananing'inia kwenye mkanda wangu kwenye matope, poda, mdogo wake, kosa la jinai, halafu sawa. Nilikuwa nimesubiri sijui nini. Hata samahani ndogo, ya kusemwa kwa pua.

Nikashindwa kuondoka. Nyuma yetu alikuwa mzee mmoja mweusi kama sisi, kavua kofia tayari, anajifuta uso kwa leso, na nikajua atakwenda kuambiwa nini.

"Mama," nikamwambia karani, "kamera yenu inapima ukuta."

Akaniuliza nimesemaje. Nikarudia. Nikamwambia ile taa ya ukutani igeuzwe imwangalie mtu, kiti kisogezwe mbele hatua tatu, na kamera iambiwe ipime uso. Sauti inaruka kama redio mbovu, lakini nilimaliza. Karani kasema yeye siyo fundi, niandike, niache hapo.

Ndiyo maana ukurasa unaofuata haupo. Niliuchana, nikaandika kwa herufi kubwa, nikachora na kiti.

Ijumaa, 18

Bibi yumo kwenye orodha. Namba arobaini na moja.

Nilipita ofisini kuangalia. Taa iko pale pale. Karatasi yangu wameikunja mara nne wameiweka chini ya mguu wa meza, meza isitikisike.

Nimeandika nyingine. Hii nimeigandisha kwenye kioo cha dirisha kwa nje, kwa gundi ya mbao. Waikunje na kioo.

Jumatatu, 21

Mwalimu anataka kuweka picha ya bibi dirishani, pale pale alipo yeye. Kasema ya kwake imepauka kwa jua. Sikucheka. Nimemuuliza bibi. Kajibu kwamba asubiriwe mwenye picha, akipona macho aione kwanza.

Jumapili, 27

Kesho wanampasua. Mjomba kajitolea kumpeleka. Hajatania tangu asubuhi.

Jumatano, 30

Mvua zimekwisha. Vumbi limerudi, kama halijawahi kuondoka.

Bendeji imetolewa jana, na leo jicho limetulia. Asubuhi kakaa sebuleni anatazama vitu. Kijiko. Mikono yake. Mimi, kwa muda mrefu, mpaka nikaona haya. Kasema nimekonda na nimefanana na babu yangu, na kwamba hilo la pili tusimlaumu mtu.

Nikampa picha. Akaisogeza, akaiondoa, akaisogeza tena. Akagusa kovu kwenye karatasi, halafu akagusa la kwenye uso.

"Kweli nina hasira," akasema.

Halafu akamwambia mjomba ashushe ile ya harusi. Mjomba kapanda kwenye kiti, kaishusha, kaifuta vumbi kwa mkono wa shati, taratibu, kama mtu asiyetaka kumaliza. Bibi akaipokea, akaiweka magotini.

"Nionyeshe mimi niko wapi."

Kidole cha mjomba kilikuja. Kimezoea ile safari, huyu shemeji, huyu rafiki wa kazini. Safari hii kilipita wote bila kusimama, kikafika pale kwenye gauni la njano, kikapanda mpaka kwenye kitambaa, na kikasimama juu ya lile shimo. Hakusema mtafuteni wenyewe.

"Siku ile ulinitazama ukaniambia nimependeza," bibi akasema. "Haya. Niambie tena."

Akamwekea ya kwangu juu ya ile ya harusi, karatasi juu ya kioo, shimo likafunikwa. Mjomba aliitazama. Mjomba yule, mwenye maneno ya kuuza, alitafuta neno.

"Umependeza, mama."

"Asante," akasema bibi, na akamrudishia fremu. Akageuka kwangu. "Mwambie mwalimu wako aniweke. Na akiuliza, mwambie nimekataa kusafishwa."